Si Kila Picha Ni ya Kunawa Mikono

Kila mkimbizi aliyekaa kambini hata mwezi mmoja anaijua ile hadithi ya picha. Ina miraba minne, au sita kama karatasi ni kubwa. Mraba wa kwanza, mama anachota maji machafu. Wa pili, mtoto ameshika tumbo. Wa tatu, anatokea mtu mwenye fulana ya shirika, kidole kimeinuliwa juu. Wa nne, familia nzima inanawa mikono huku inacheka meno nje. Toa maji, weka chandarua. Toa chandarua, weka ugomvi wa mume na mke. Hadithi ni ile ile. Anayekosea ni sisi, anayejua ni mgeni, na mwisho wote tunacheka.

Mimi nafanya kazi na vijana wakimbizi hapa Bujumbura, mtaa wa Asiatique. Wengi ni Wakongo kama mimi. Wengine wanaishi mjini, wengine wana ndugu Musasa, Bwagiriza na Kavumu, wanakwenda na kurudi. Tunakaa, tunachora. Hadithi za picha sisi huku tunaziita bede, kwa kufuata Kifaransa. Watanzania wanaziita katuni au vibonzo. Jina lolote utakalotumia, naomba wakubwa wa mashirika mnisome hadi mwisho, na ninyi wakazi wenzangu wa kambini pia, maana maneno mengine humu yanawahusu ninyi.

Nasema hivi: hadithi ya picha yenye funzo moja, mstari mmoja na mjuzi mmoja imetuchosha, na inatudhulumu. Vijana wetu wanahitaji nafasi ya kuchora hadithi zisizonyooka, kwa sababu maisha yao hayakunyooka. Na wasiambiwe wasubiri mpaka njaa iishe.

Tuanze na yule mwenye kidole juu. Hakuzaliwa kambini. Mwaka 1930 Mbelgiji mmoja, Hergé, alianza kuchapa Tintin au Congo katika gazeti la watoto la Brussels. Kongo hakuwahi kufika. Ndani ya hadithi ile Tintin anaingia darasani kwenye misheni, anasimama mbele ya watoto wa Kikongo, anaanza kuwafundisha habari za nchi yao, na nchi yenyewe eti ni Ubelgiji. Mwaka 1946 kitabu kilichorwa upya kwa rangi, na pale darasani somo likabadilishwa kuwa hesabu. Somo lilibadilika. Mwalimu alibaki pale pale ubaoni, na sisi tulibaki pale pale kwenye madawati.

Mwaka 2007 Mkongo mmoja anayeishi Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikipeleka kitabu kile mahakamani Brussels. Mwaka 2012 mahakama ilimkatalia. Mimi simo katika kundi la kutaka kitabu kichomwe. Ninachotaka ni kwamba tusiendelee kukichora upya wenyewe kila mwaka, kwa fedha za msaada, tukibadilisha somo tu. Najua mfanyakazi wa shirika si Tintin. Wengi ni watu wema, wengine ni Warundi na Wakongo wenzetu ambao wanakula vumbi moja na sisi. Lakini tazameni mabango yenu kwa utulivu, mniambie nani amesimama na nani amekaa.

Halafu iko hii habari ya miraba. Mimi naishi ndani ya mraba uliochorwa na mtu mwingine. Wabelgiji walipoupanga mji huu, ukiitwa bado Usumbura, waliugawa kwa rangi za watu: Wazungu kwao, wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu kwao, Waafrika kwao, Buyenzi na kule ambako leo ni Bwiza. Ndiyo maana mtaa wetu unaitwa Asiatique hadi leo. Jina ni la sanduku. Lakini pita asubuhi moja tu usikilize. Kiswahili, Kirundi, Kifaransa, Lingala, vyote katika veranda moja. Malori yanashusha mizigo, mama wa Uvira anapatana bei ya vitenge na kijana wa Buyenzi. Mstari uliochorwa ofisini, watu wameuvuka kwa miguu bila kuomba ruhusa.

Kambi nayo ni miraba: sehemu, safu, namba ya nyumba. Fomu ni miraba. Kadi ya chakula ni miraba. Sisemi isiwe hivyo, watu elfu nyingi hawawezi kuhudumiwa bila orodha. Nasema tu kwamba kijana anayeishi ndani ya miraba asubuhi hadi jioni, akipewa karatasi nyeupe ya kuchora, msimchoree tena miraba.

Na mstari? Mkimbizi anafundishwa mapema kusimulia kwa mstari. Kwenye mahojiano unaulizwa: ulitoka tarehe gani, ulipita barabara gani, nani alikuwa mbele, nani nyuma. Ukitaja mto kabla ya mlima, halafu kesho ukataja mlima kabla ya mto, unaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Basi kijana anajifunza hadithi yake kwa moyo kama sala, anainyoosha, anaondoa kila kisichoingia. Lakini usiku, akilala, haimjii kwa mstari. Inamjia sufuria iliyobaki jikoni. Inamjia sauti ya mbwa. Halafu shule, halafu tena sufuria.

Mwaka jana kijana wangu mmoja wa miaka 16 alihudhuria semina ya uchoraji ya shirika fulani. Aliambiwa achore safari yake. Alichora njia inayozunguka kama konokono, katikati nyumba ndogo, na juu ya njia amejichora mwenyewe mara kumi na moja, kila mara mkubwa kidogo kuliko mara iliyopita, lakini uso daima umegeukia nyumba. Hakuna mraba hata mmoja. Msimamizi akasema ni nzuri ila haieleweki, apunguze watu, aongeze ujumbe. Kijana akaongeza kiputo cha maneno: AMANI NI MUHIMU. Ile picha ilitoka kwenye kalenda ya ukutani, nembo ya shirika chini kulia. Jina lake halikuwepo. Nilipomwonyesha, aliitazama kwa muda, akaniambia, “Yaya, kile kiputo si changu.”

Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana, na soda alipewa. Lakini kitu alichokuwa nacho cha kusema kilifunikwa kwa maneno matatu ambayo hakuna binadamu duniani anayeyapinga.

Sasa mtaniuliza, hiyo michoro isiyonyooka inatoka wapi? Ni mambo ya Wazungu wenye shibe? Nitawajibu kwa mifano, na mtaona kwamba ya kwetu ni mingi.

Mwaka 1989 Mmarekani Richard McGuire alichapa hadithi ya kurasa 6 tu, jina lake Here, yaani Hapa. Kila picha ni kona moja ya chumba kimoja. Haondoki. Ila ndani ya picha anaweka vipande vidogo vyenye mwaka wake: huku mtoto anazaliwa, palepale pembeni kuna msitu wa kabla ya nyumba kujengwa, palepale kuna wakati ambao nyumba haipo tena. Mwaka 2014 akaifanya kitabu kizima. Mimi sijaona mtindo unaotufaa kuliko huo. Chukua kona moja ya Asiatique, mbele ya duka lolote. Kipande kimoja Mbelgiji na ramani yake. Kipande kingine Mhindi anafungua mlango wa duka. Kipande kingine moshi wa soko kuu lililoungua Januari 2013. Na katikati yao mtoto wa Kikongo amekaa juu ya gunia leo hii, anamsubiri mama yake. Hapo hakuna aliyemfundisha mwenzake kitu. Umeona tu kwamba mahali pamoja pamebeba watu wengi, na kwamba na wewe umo.

Au chukueni meli. Mwaka 2014 mchoraji wa Kikongo Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, alitoa pamoja na Christophe Cassiau-Haurie kitabu cha Madame Livingstone. Kinasimulia vita ya kwanza ya dunia katika ziwa letu hili la Tanganyika, Wabelgiji wakiiwinda meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Meli ile Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiinua, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Na mwaka 2015 Liemba hiyo hiyo ndiyo iliyobeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kwenda Kigoma. Hebu niambieni, utaichora vipi meli hiyo kwa miraba minne na funzo? Kijana mwenye akili ataichora meli moja kurasa mbili nzima, chini askari, juu akina mama na magodoro, maji yale yale. Vijana wangu wameanza. Mmoja aliniuliza kama inaruhusiwa kumweka bibi yake kwenye meli ya mwaka 1916. Nikamwambia, karatasi ni yako.

Kinshasa nako, miaka ya 1990, alikuwepo Papa Mfumu’eto. Aliandika kwa Lingala, akachora mwenyewe, akachapa vijitabu kwa karatasi duni, vikauzwa barabarani. Hadithi yake iliyomtoa, ya mwaka 1990, ni ya tajiri anayegeuka chatu, anammeza mwanamke, kisha anatapika pesa. Watu wa mji ule, chini ya Mobutu, hawakuhitaji kiputo cha kuwaeleza chatu ni nani. Walicheka, waliogopa, walinunua. Walinunua kwa pesa yao, katika nchi ambayo pesa ilikuwa inakufa mikononi. Leo nyaraka zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Sijasikia chuo kinachotunza vipeperushi vya chandarua.

Na kama Kinshasa ni mbali, ingieni katika duka lolote la nguo. Kanga ni nini? Ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji katikati wenye picha, ina jina, yaani maneno. Fremu, mchoro, maandishi. Bibi zetu wa Uswahilini walikuwa wanasoma bede kiunoni mwa mwenzao kabla neno bede halijafika. Na kanga haihubiri kwa kila mtu. Mwanamke anaivaa, anapita mbele ya jirani, na jirani peke yake ndiye anayejua imesemwa nini. Hilo ni fumbo, na fumbo ni heshima: anayekufumbia anaamini una akili ya kufumbua. Bango la miraba minne haliamini hivyo.

Najua majibu yanayokuja. Nimeyasikia yote.

La kwanza: kipindupindu hakisubiri sanaa. Kweli kabisa, na mimi nimesaidia kubeba wagonjwa. Bango la maji libaki pale bombani, kubwa, wazi, bila mafumbo. Siligusi. Ila bango ni bango. Mkichukua kila mwenye kipaji cha kuchora na kumfanya mchora mabango, mtakuwa na mabango mengi ambayo hakuna anayeyatazama, kwa sababu jicho limezoea. Hata ujumbe wenyewe unahitaji hadithi ya kweli. Wakenya walipoanzisha Shujaaz mwaka 2010, walizungumza kwa Sheng, wakamweka kijana anayeendesha redio ya siri, mwenye matatizo na ujanja wake, na habari za kilimo na pesa zikapita humo humo. Msomaji hakuambiwa yeye ni mjinga. Kama mnataka kutufundisha, angalau mjifunze hapo.

La pili ni la wazee wetu, nami nalisema kwa adabu: eti bede ni za watoto, kijana wa miaka 20 akachome mkaa. Wazee wangu, kuna Mmarekani anaitwa Art Spiegelman. Wazazi wake walinusurika Auschwitz. Alichora hadithi ya baba yake, Maus, akawafanya Wayahudi panya na Wajerumani paka, na humo humo akajichora yeye mwenyewe akibishana na baba yake kuhusu kumbukumbu. Mwaka 1992 alipewa tuzo maalumu ya Pulitzer. Watu waliosema mauaji yale hayasimuliki, walisimuliwa kwa panya. Sungura na fisi wetu si watoto pia, ninyi wenyewe mlitufundisha hivyo.

La tatu: haieleweki. Haieleweki na nani? Kambi moja ina Kiswahili, Kinyamulenge, Kifulero, Kibembe, Kirundi, na Kifaransa cha ofisini. Kila ukichapa maneno, unamwacha mtu nje. Shaun Tan wa Australia alitoa kitabu mwaka 2006, The Arrival, habari za mtu anayehamia nchi ngeni, na hakina neno hata moja linalosomeka. Hata maandishi ya barabarani ni ya kubuni, ili msomaji awe mgeni kama mhamiaji mwenyewe. Mpe kitabu hicho mama asiyejua kusoma aliyeshuka jana kutoka Uvira, halafu mpe mkuu wa ofisi. Tuone nani atamweleza mwenzake.

Na la nne, ambalo mimi naliheshimu zaidi: tusiwaumize vijana kwa kuwachorisha vita. Nakubali. Ndiyo maana nasema nafasi huru. Msiwape mada. Semina nyingi zinaanza na “chora safari yako”, kana kwamba kijana hana kingine. Wapo wanaotaka kuchora mpira. Wapo wanaochora majini. Binti mmoja kwetu anachora nywele tu, misuko, ukurasa baada ya ukurasa, na kichwa kimoja kinaingia kwenye kingine mpaka hujui msuko ni wa nani. Hajawahi kutuambia alipita wapi, na hakuna anayemuuliza.

Sasa naomba vitu, na nitavitaja kimoja kimoja ili asiwepo wa kusema sikueleweka.

Wakubwa wa mashirika: katika kila karatasi nne mnazochapa, moja iacheni bila ujumbe. Msiisahihishe. Wekeni jina la mchoraji kama anataka, na kama anaogopa kujulikana, jina la kupanga. Mlipeni, hata kidogo, maana mchapishaji mnamlipa. Msiongeze kiputo. Na picha asilia mrudishieni mwenyewe.

Wahariri wa jarida hili, nanyi nawagusa. Kila toleo picha mnaibana kwenye kona, chini ya insha, kama pambo. Tupeni kurasa mbili zinazotazamana, na kama msomaji atalazimika kuligeuza jarida kichwa chini ili asome, na aligeuze.

Wakazi wenzangu: binti akisema anakwenda kuchora, msimwambie kwanza ndoo. Kaka yake ana mikono pia. Na kijana akikuletea kijitabu chake, usiulize “kinafundisha nini?” Muulize, “halafu ikawaje?”

Kwa ninyi vijana, msisubiri jibu la barua. Chukua karatasi moja ya A4. Ikunje nusu mara tatu, ukifungua una vyumba nane. Ikunje tena nusu kwa upana, kata kwa mkasi kutoka kwenye mkunjo, kwa mstari wa katikati, uishie katikati ya karatasi. Fungua, kunja kwa urefu, sukuma ncha mbili zikutane. Una kitabu cha kurasa nane, bila gundi wala pini, na fotokopi yake ni ya karatasi moja tu. Ukikifungua chote, nyuma kuna upande mzima mweupe ambao hakuna anayeutarajia. Weka huko kile ambacho semina ingekuambia ukitoe.

Yule kijana wa njia ya konokono amechora tena picha yake, kubwa kuliko ya kwanza, kwa kalamu ya biki nyuma ya afishi ya chandarua. Sasa amejichora mara kumi na nne. Kiputo hakuna. Tumeibandika ukutani kwetu Asiatique, na wabeba mizigo wakija kuomba maji husimama mbele yake, wanafuata njia kwa kidole, wanabishana kama anatoka nyumbani au anarudi.